Nusu Karne ya Hifadhi ya Mlima Kilimanjaro: Vituo, Njia na Mabega ya Wagumu

Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kilimanjaro, ambayo watumishi wake na watu wa Moshi huiita KINAPA, ilitangazwa mwaka 1973 na kufunguliwa rasmi kwa wageni mwaka 1977. Historia hii inafuata zaidi njia moja, ya Marangu, kwa sababu ndiyo njia ya zamani kuliko zote na ndiyo pekee mlimani ambayo mpandaji hulala ndani ya nyumba kila usiku. Ukitaka kujua mlima ulikuwa wa nani, ukawa wa nani na unatunzwa na nani, uliza nani alijenga pa kulala, nani alipandisha chakula, na nyumba hizo ziliitwa kwa jina la nani.

Mlima usio na pa kulala, 1848–1912

Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, aliyetoka Rabai karibu na Mombasa, aliiona theluji ya Kibo, kilele kikuu cha mlima, akaandika habari zake. Baadhi ya wasomi wa Ulaya walimkatalia kwa miaka: theluji karibu na ikweta, wakasema, haiwezekani. Wachagga waliokuwa wakiamka nayo kila asubuhi hawakuulizwa.

Baada ya hapo wageni wakaanza kujaribu kupanda. Baron Karl Klaus von der Decken alijaribu mwaka 1861, akarudi 1862 na kufika juu kidogo ya mita 4,000. Charles New aligusa theluji mwaka 1871. Mwaka 1887 alikuja Sámuel Teleki kutoka Hungaria, na mwaka huohuo akaja Mjerumani Hans Meyer. Wote wawili wakarudi bila kufika kileleni. Vilivyowarudisha vilifanana: baridi, hewa nyepesi, na umbali kati ya chakula kilichokuwa vijijini na barafu iliyokuwa juu.

Meyer alirudi mwaka 1889 na mpango tofauti. Mangi Marealle, mtawala wa Marangu, alimpokea, na kutoka hapo Meyer akaweka kambi kwa ngazi: moja karibu na mwisho wa msitu, nyingine juu ya mita 4,300, na wapagazi wakawa wanapanda na kushuka kila baada ya siku chache kuleta chakula. Katika kambi ya juu alibaki naye mtu wa Pangani aliyeitwa Mwini Amani, akipika na kulinda kambi kwenye baridi ambayo mtu wa pwani hajaizoea hata kidogo. Tarehe 6 Oktoba 1889 Meyer na Ludwig Purtscheller wa Austria wakasimama kileleni. Vitabu vingi vya dunia vimewataja hao wawili tu. Lakini kilichobadilika kati ya 1887 na 1889 ni kwamba safari hii chakula kilipanda bila kukatika, na waliokipandisha walikuwa Waafrika. Marangu inamkumbuka pia Yohani Kinyala Lauwo, mwongozaji aliyefanya kazi mlimani kwa miongo mingi, na ambaye alipewa heshima katika maadhimisho ya miaka 100 ya upandaji mwaka 1989. Alifariki mwaka 1996.

Kambi za ngazi ndizo mbegu ya vituo vya leo. Muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walijenga vibanda viwili kwenye njia ya Marangu. Cha kwanza kilikuwa kwenye takriban mita 2,700, pale msitu unapoishia, kikaitwa Bismarck. Cha pili, kwenye mita 3,700 hivi, katikati ya nyasi na vichaka vya juu, kikaitwa Peters.

Jina hilo la pili haliwezi kupitwa bila neno. Carl Peters aliletwa Kilimanjaro mwaka 1891 kama kamishna wa dola ya Kijerumani. Akiwa huko alimnyonga mtumishi wake Mabruk na msichana aliyeitwa Jagodia. Kwao kwenyewe Ujerumani ilikuwa kashfa, naye akafukuzwa kazi mwaka 1897. Watu wa nchi hii walimwita Mkono wa Damu. Zaidi ya nusu karne, mpandaji aliyechoka alivua viatu na kunywa uji chini ya paa lenye jina la mtu huyo, katika mlima uleule alikotenda hayo.

Wakati wa klabu na wakati wa bendera, 1921–1961

Mwaka 1921, chini ya utawala wa Waingereza, msitu wa Kilimanjaro ulitangazwa kuwa hifadhi ya msitu. Mwaka huohuo Clement Gillman, mhandisi wa reli, alifika kwenye ukingo wa kreta, mahali ambapo leo kila mpandaji wa Marangu anapaita Gillman's. Mwaka 1926 mchungaji wa Kilutheri Richard Reusch alimkuta chui aliyeganda karibu na ukingo huo, na hadi leo hakuna aliyeeleza chui alifuata nini huko. Mwaka 1927 Sheila MacDonald akawa mwanamke wa kwanza anayejulikana kufika kileleni.

Wapenda milima wa Moshi waliunda klabu yao mwishoni mwa miaka ya 1920, na mwanzoni mwa muongo uliofuata kikapatikana kibanda cha tatu, Kibo, chini ya mteremko wa mwisho. Hapo mnyororo ukakamilika: Bismarck, Peters, Kibo, kila kituo kikiwa karibu mita 1,000 juu ya kile cha chini. Mpangilio huo haujabadilika hadi leo. Waliochagua sehemu hizo walizingatia kinga ya upepo na mwendo wa mtu mwenye mzigo, na uchaguzi wao ulikuwa mzuri.

Klabu ilikuwa ya walowezi na maofisa. Waongozaji na wapagazi walikuwa Wachagga, wengi wao wa Marangu, na kazi ilirithiwa baba kwa mwana. Baba alimfundisha mwanawe wapi pa kupumzika, wakati gani wa kurudi nyuma, na namna ya kumtazama mgeni usoni na kujua kama kichwa chake kimeanza kuuma kabla hajakiri mwenyewe. Upande wa pili wa mlima, Loitokitok nchini Kenya, shule ya Outward Bound ilianza katika miaka ya 1950 kupandisha vijana wa Afrika Mashariki. Hapo vijana wa Kiafrika walianza kupanda mlima kwa ajili ya nafsi zao, bila kubeba mzigo wa mtu mwingine.

Mwaka 1959, akiwa katika Baraza la Kutunga Sheria, Mwalimu Julius Nyerere alizungumza juu ya kuwasha mwenge kileleni mwa Kilimanjaro uangaze nje ya mipaka. Usiku wa tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda aliusimika mwenge huo pamoja na bendera ya nchi mpya. Kilele kilichokuwa na jina la Kaiser Wilhelm kikawa Uhuru.

Kuzaliwa kwa hifadhi, 1961–1977

Bendera ilipanda kwa usiku mmoja; taasisi ilichukua miaka kumi na miwili zaidi. Shirika la hifadhi za taifa, TANAPA, lilikuwapo tangu 1959, lakini macho yake yalikuwa Serengeti na nyika nyingine za wanyama. Mlima ulikuwa chini ya watu wa misitu, na vibanda vilikuwa urithi wa klabu. Hatua mbili zilitengeneza njia. Mwaka 1963 Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori kilifunguliwa Mweka, kwenye mteremko wa mlima wenyewe, na kuanza kutoa wahifadhi Waafrika. Mwaka 1971 Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro ulifunguliwa kati ya Moshi na Arusha, na mgeni akaweza kutua moja kwa moja chini ya mlima.

Mwaka 1973 hifadhi ilitangazwa ikiwa na kilomita za mraba takriban 756: sehemu yote iliyo juu ya mita 2,700, pamoja na njia sita nyembamba zilizokatisha msitu ili wapandaji wapite. Msitu wenyewe ulibaki nje. Kwa maoni yangu mpaka huo ulikuwa kasoro kubwa ya mwanzo. Barafu, mawe na nyasi za juu vilipewa mlinzi, lakini msitu unaonyonya mvua na kulisha mito, na ambao ndio uliokuwa ukikatwa, ukabaki mikononi mwa mamlaka nyingine. Kasoro hiyo ilichukua zaidi ya miaka 30 kurekebishwa.

Ni katika kipindi hiki ambapo, kwa msaada wa Norway, vilijengwa vibanda vya mbao vyenye paa la pembetatu linaloshuka karibu mpaka chini, kama vinavyoonekana leo Mandara na Horombo. Umbo hilo halishiki maji ya mvua wala theluji, na ndani yake vitanda vichache hupashana joto.

Na majina yakabadilika. Bismarck ikawa Mandara, kwa jina la Mangi Rindi wa Moshi aliyejulikana zaidi kwa wageni kama Mandara, mtawala mjanja wa siasa aliyepeleka wajumbe wake mpaka Berlin. Mwanawe, Mangi Meli, ndiye aliyenyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900. Peters ikawa Horombo, kwa jina la Mangi Horombo wa Keni, aliyejenga ngome za mawe huko Rombo mwanzoni mwa karne ya 19 na kutaka kuunganisha upande wa mashariki wa mlima chini ya utawala mmoja. Baba wa aliyenyongwa akachukua nafasi ya Bismarck. Mjenzi wa ngome akachukua nafasi ya mnyongaji. Kati ya yote yaliyofanywa katika miaka ile ya mwanzo, hili lilikuwa na gharama ndogo kuliko yote, na ndilo ninalolihesabu kuwa la heshima kubwa zaidi.

Miaka migumu, 1977–1987

Hifadhi ilifunguliwa rasmi mwaka 1977, na haukuwa mwaka mwema kuanza kazi ya wageni. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inavunjika, na mapema mwaka huohuo mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa. Wapandaji wengi walikuwa wakitua Nairobi na kuja kwa barabara kupitia Namanga au Taveta. Mkondo huo ulikatika. Mwaka uliofuata vikaja Vita vya Kagera, kisha uhaba wa mafuta na bidhaa ambao kila Mtanzania aliyeishi wakati ule anaukumbuka. Mpaka ulifunguliwa tena mwaka 1983.

Hifadhi ilivuka miaka hiyo kwa sababu njia ya Marangu ilikuwa na watu wake. Hoteli kongwe za Marangu, familia za waongozaji na walinzi wa vituo waliendelea kupandisha wachache waliokuja. Njia ilisafishwa na vibanda vilibaki vimesimama. Mwaka 1987 UNESCO iliiandika hifadhi katika orodha ya Urithi wa Dunia, na katika miaka iliyofuata idadi ya wapandaji ikaanza kupanda kwa kasi ambayo wachache waliitarajia.

Vituo vitatu vinavyofanya kazi

Mpandaji huandikishwa katika Lango la Marangu, kwenye mita zipatazo 1,870, ambako ofisi kuu za hifadhi zipo. Mizigo hupimwa hapo. Kutoka langoni hadi Mandara ni kilomita 8 hivi ndani ya msitu, chini ya miti yenye ndevu za kuvumwani, na mbega wakiruka juu. Mandara iko mita 2,720. Karibu yake ipo kreta ndogo ya Maundi, ambako jioni isiyo na ukungu mtu huona nchi ya Kenya upande mmoja na Kibo upande mwingine.

Siku ya pili ni kilomita 11 au 12 mpaka Horombo, mita 3,720. Msitu huisha ghafla. Vinakuja vichaka, kisha nyasi, na kwenye mabonde yenye maji husimama miti ya ajabu ya seneshio na lobelia, ambayo baadhi yake haipatikani popote pengine duniani. Horombo ndicho kituo kikubwa kuliko vyote, na ndicho moyo wa njia: wanaopanda hukutana hapo na wanaoshuka, na chumba cha kulia huwa na lugha kumi kwa wakati mmoja. Waongozaji wazoefu humshauri mgeni alale Horombo usiku wa ziada na mchana wake atembee hadi Miamba ya Pundamilia na kurudi, ili mwili uzoee. Hewa ya kileleni ina mgandamizo wa karibu nusu tu ya ule wa pwani, na mwili hauharakishwi. Siku hiyo ya ziada imewafikisha Uhuru watu wengi kuliko misuli ya miguu.

Kutoka Horombo njia hupita sehemu ya mwisho yenye maji, kisha jangwa kavu la tandiko lililo kati ya kilele cha Mawenzi na kile cha Kibo. Kituo cha Kibo, mita 4,720, ni jengo la mawe lenye vyumba vya vitanda vya ghorofa. Hakuna chemchemi hapo; maji ya kupikia hubebwa kutoka chini. Watu hula mapema, hulala kidogo, na karibu na usiku wa manane huamshwa kuanza kuupanda mteremko wa kokoto: pango la Hans Meyer, ukingo wa Gillman's, kisha Stella, kisha Uhuru, mita 5,895.

Huduma isiyoonekana kwenye picha za wageni ni uokoaji. Vituoni kuna machela yenye gurudumu moja, iliyobuniwa kwa njia ya aina hii, na askari wa hifadhi pamoja na wapagazi huishusha usiku au mchana, kwenye mvua au theluji, wakishika pande zote nne na kukimbia pale panapokimbilika. Siku hizi helikopta za uokoaji nazo hufika. Lakini mawingu yakifunga mlima, helikopta husubiri, na machela hushuka. Mwezi Agosti 2022 intaneti ya kasi ilizinduliwa Horombo, na wapo walioona ni anasa. Kwa wanaofanya kazi ya uokoaji, kupata mawasiliano kwenye mita 3,720 si anasa.

Njia nyingine zimekua pia: Machame, Umbwe, Lemosho, Londorossi, Rongai, na Mweka ya kushukia. Huko watu hulala kwenye mahema, na Machame sasa inapendwa sana kwa mandhari yake. Waongozaji huita Marangu njia ya Coca-Cola na Machame njia ya Whisky, wakimaanisha ya kwanza ni laini. Jina hilo limewapoteza wengi, kwa sababu ulaini wa kitanda si ulaini wa mwinuko, na anayeharakisha kupanda Marangu kwa siku tano hulipa kwa kichwa kuuma.

Wagumu

Wapagazi wa Kilimanjaro hujiita wagumu, na hakuna anayeweza kubishana nao. Utafiti mmoja wa utalii uliotolewa mwaka 2009 ulikadiria kwamba mlima uliajiri waongozaji wapatao 400, wapagazi 10,000 na wapishi 500. Hii ni ajira kubwa kuliko ya viwanda vingi vya mkoa, na fedha zake hufika Marangu, Machame, Rombo na Siha bila kupita mikono mingi.

Ngazi za kazi zinajulikana. Kijana huanza kubeba. Akivumilia na akijifunza, huwa mwongozaji msaidizi, kisha, baada ya mafunzo na leseni ya hifadhi, mwongozaji mkuu anayebeba dhamana ya maisha ya kundi zima. Siku hizi wapo wanawake katika ngazi zote hizo, na hilo halikuonekana wakati vibanda vya mbao vinajengwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 utaratibu uliwekwa kwamba kila mpandaji aje kupitia kampuni yenye leseni. Ulileta mpangilio, lakini ulileta pia ushindani wa bei, na ushindani wa bei ukatua kwenye mabega ya mgumu: mizigo mizito, malipo madogo, mlo mmoja kwa siku, nguo zisizofaa kwa baridi. Wapo waliofia mlimani kwa baridi. Mwaka 2003 ulianza mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, KPAP, unaoazimisha nguo za baridi na kufuatilia namna kampuni zinavyowatendea watu wao. Vyama vya wapagazi na vya waongozaji vimepigania viwango vya malipo. Hifadhi imeweka kikomo cha kilo 20 kwa mzigo wa mpagazi mmoja, na mizani iko langoni. Haya ni mafanikio, na yameandikwa hapa kwa fahari. Yasingehitaji kupiganiwa kwa miongo miwili kama jasho la mgumu lingehesabiwa tangu siku ile Mwini Amani alipowasha moto kwenye mita 4,300.

Uongozi na mpaka mpya

Katika nusu karne hii hifadhi imeongozwa kwa awamu tatu zinazoonekana wazi. Awamu ya kwanza ilikuwa ya wahifadhi waanzilishi, ambao kazi yao ilikuwa vituo, njia na kuweka alama za mpaka. Ya pili ilikuwa ya Wahifadhi Wakuu wa miaka ya 1990 na 2000, waliokabili wingi wa wageni: kuni zikapigwa marufuku, upishi ukahamia kwenye mafuta ya taa na gesi, taka zikaanza kushushwa na waliozipandisha. Chini yao pia programu ya Ujirani Mwema ilipeleka sehemu ya mapato katika madarasa, zahanati na miradi ya maji ya vijiji vinavyouzunguka mlima. Awamu ya tatu ni ya sasa, ambapo TANAPA nzima imeingia katika mfumo wa jeshi la uhifadhi, na kiongozi wa hifadhi hubeba cheo cha ngazi ya ukamishna.

Uamuzi mkubwa kuliko wote ulikuwa wa mwaka 2005, msitu ulipoingizwa ndani ya hifadhi. Eneo likapanda hadi kilomita za mraba takriban 1,668, zaidi ya mara mbili. Uamuzi huo ulikuwa sahihi kwa maji, na ulikuwa mgumu kwa majirani. Tangu mwaka 1941 ulikuwapo ukanda wa Nusu Maili, uliotengwa chini ya msitu ili wanavijiji wapate kuni, majani na mbao. Kwa mama wa Kichagga mwenye ng'ombe mmoja zizini, majani ya ukanda ule ndiyo maziwa ya watoto. Mazungumzo kati ya hifadhi na vijiji juu ya matumizi ya ukanda huo ni sehemu ya historia hii, na bado hayajafungwa.

Jedwali la miaka muhimu

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1848 | Rebmann aona theluji ya Kibo |
| 1889 | Kilele chafikiwa, 6 Oktoba |
| 1921 | Msitu watangazwa hifadhi ya msitu |
| 1927 | Mwanamke wa kwanza anayejulikana afika kileleni |
| 1961 | Mwenge na bendera kileleni, 9 Desemba |
| 1963 | Chuo cha Mweka chafunguliwa |
| 1973 | Hifadhi ya Taifa yatangazwa |
| 1977 | Hifadhi yafunguliwa rasmi |
| 1987 | Urithi wa Dunia |
| 2003 | KPAP yaanza |
| 2005 | Msitu waingizwa hifadhini |
| 2020 | Moto mkubwa wa Oktoba |
| 2022 | Intaneti ya kasi Horombo |

Moto, barafu na maji

Tarehe 11 Oktoba 2020 moto uliwaka eneo la Whona, mahali pa kupumzikia kati ya Mandara na Horombo. Upepo na ukavu viliusukuma kwa siku nyingi, na takriban kilomita za mraba 95 za vichaka na nyasi ziliungua. Askari wa hifadhi, wanachuo na wanavijiji walipanda na majembe, mapanga na matawi mabichi, kwa sababu kwenye mwinuko ule gari la zimamoto halifiki. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2022, moto mwingine ulizuka upande wa kusini, eneo la Karanga. Somo lililochukuliwa ni la vifaa na mafunzo, na ni somo la gharama.

Barafu nayo inapungua. Mwaka 1912 ilifunika takriban kilomita za mraba 12. Mwaka 2000 zilibaki 2.5 hivi, na mwaka 2011 hazikufika 2. UNESCO imeonya kwamba barafu ya Kilimanjaro inaweza kutoweka ifikapo mwaka 2050. Wazee wa Marangu walioongoza wageni katika miaka ya 1960 walipita kwenye kuta za barafu ambazo vijana wao leo wanazionyesha kwa mkono tu, huku wakisema ilikuwa pale.

Pamoja na huzuni hiyo, ukweli mmoja unapaswa kusemwa kwa sauti, kwa kuwa watu wengi huukosea. Sehemu kubwa ya maji ya mlima hutoka msituni, si kwenye barafu. Msitu hukamata mvua na ukungu, na maji yake hujaza mifongo, yaani mifereji ya umwagiliaji ya Wachagga, hushuka Mto Pangani, hupita bwawa la Nyumba ya Mungu na kuzungusha mitambo ya umeme. Barafu hatuwezi kuirudisha kwa amri ya ofisi ya Marangu. Msitu tunaweza kuulinda, na hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya nusu karne ijayo.

Mwaka 2019 ulizuka mjadala wa kuweka magari ya kebo mlimani. Wagumu waliupinga, na wana hoja: mgeni anayepanda kwa kebo na kushuka siku hiyohiyo halali Mandara, hahitaji mpishi, wala habebewi chochote. Hifadhi iliyojengwa juu ya mabega yao haipaswi kuamua jambo la namna hiyo bila wao kuwa mezani.

Kwa wananchi

Kila mwaka, siku ya Uhuru inapokaribia, makundi ya Watanzania hupanda chini ya kampeni ya Twenzetu Kileleni, na tangu mwaka 2002 wapo wanaopanda kuchangisha fedha za kupambana na UKIMWI. Idadi yao inaongezeka, ingawa wageni kutoka nje bado ni wengi zaidi katika daftari la Marangu.

Kwa hiyo, msomaji, nenda. Kiingilio cha raia ni sehemu ndogo tu ya kile anacholipa mgeni kutoka nje. Kama Uhuru inakutisha, anza na Mandara: ni mwendo wa saa tatu au nne kutoka langoni, kwenye kivuli cha msitu, na unaweza kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Ukiamua kwenda juu, chagua kampuni inayowalipa na kuwalisha wagumu wake ipasavyo, uliza hilo kabla hujatoa fedha, na lipia siku ya ziada ya Horombo.